Ya mti ama ya maabara? Karafuu, aspirini, sipro, krimu ya mkonge na habasoda tukiziweka pamoja

Kwenye rafu ya kemisti yoyote hapa Lamu, kuanzia Langoni mpaka Mkomani, kuna vitu vinne ambavyo asili yake ni miti na wengi wanaovinunua hawana habari: aspirini, krimu ya ngozi ya betamethasoni, siprofloksasini (ile sipro, dawa ya kuua bakteria), na yale mafuta ya kuchua yenye harufu ya kukutoa machozi. Alafu vuka ujia tu, kwa yule mzee wa dawa za kiasili, unapata habasoda, ubani, manjano, karafuu, majani ya mwarobaini yaliyokaushwa na miswaki imefungwa kwa kamba. Watu wanazichukulia hizi kama dunia mbili zinazopigana, eti huku ni kemikali na huku ni asili, na mtu akishachagua upande basi amechagua, habari ya ugonjwa wenyewe inakuja baadae.

Mimi niko nyuma ya kaunta ya dawa na naona hilo swali linaulizwa vibaya. Manake vitu kadhaa vya rafu ya kwanza ni jamaa wa vitu vya rafu ya pili, waliokwenda maabara wakakatwa hapa wakaongezwa pale, wakapewa kipimo na lebo. Sasa cha kuuliza ni hivi, kwa maradhi haya na kwa sehemu hii ya mwili, maabara imeongeza nini? Saa zingine imeongeza kila kitu. Saa zingine imeongeza pakiti na bei tu.

Ntaziweka mbili mbili. Zingine hazina maneno mengi, zingine itabidi univumilie.

Jino: karafuu ama jeli ya kemisti

Hapa ndo rahisi kuanzia kwa sababu tofauti ni ndogo. Kinachotia ganzi kwenye karafuu kinaitwa yujenoli, na madaktari wa meno wenyewe huichanganya na oksaidi ya zinki kuziba shimo kwa muda, kwa hivyo ile harufu ya karafuu unayoiskia ukilala kwenye kiti cha daktari wa meno ni dawa ile ile ya bibi yako. Mwaka 2006 kule Kuwait walipima jeli ya karafuu na jeli ya benzokeini, ambayo ni ya maabara, kwa kuzipaka ufizi kabla ya kudunga sindano. Zote mbili zilipunguza maumivu na hakuna iliyoishinda mwenzake.

Kwa hivyo kama uko Kizingitini usiku, jino linakutwanga na boti ya Lamu ni asubuhi, tafuna karafuu polepole upande unaouma na usijilaumu eti huna jeli. Lakini karafuu ya chembe ni kitu kimoja na mafuta ya karafuu ya chupa ni kitu kingine. Yale ni makali, yanachoma ufizi ukiyamwagia, na mtoto mdogo akiyameza yanaweza kumuharibu ini. Na yote mawili, jeli na karafuu, hayatibu usaha ulioko kwenye mzizi wa jino. Ukiona shavu limevimba na una homa, habari ya ganzi imekwisha, nenda ukaonwe.

Mswaki na dawa ya kusukutua nazitaja haraka tu. Mti wa mswaki una kitu chake chenyewe kinachosumbua bakteria wa mdomoni, na zile dawa za kusukutua zinazowasha ulimi nyingi zina thaimoli, mentholi na yukaliptoli, yani zaatari, nanaa na mkaratusi, ila siku hizi nyingi ya thaimoli na mentholi inaweza kutengenezwa kiwandani bila jani ata moja. Tumia unayoipenda, bora uongeze dawa ya meno yenye floraidi, manake hakuna kati ya hizo inayochukua nafasi ya floraidi.

Maungo: manjano na tangawizi, ama aspirini na ibuprofeni

Hapa tukae kidogo.

Aspirini ilianza kwenye gamba la mti wa Ulaya unaoitwa wilo, unaota kando ya mito. Mwaka 1763 kasisi mmoja Mwingereza, Edward Stone, aliandikia Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, kwamba amewapa wagonjwa wa homa unga wa gamba lile na wamepata nafuu. Baadae wakaitoa asidi ya salisiliki, ikawa inafanya kazi kweli lakini inachoma mdomo na tumbo vibaya sana. Mwaka 1897 kwenye kampuni ya Bayer, Felix Hoffmann akaibandika kipande kidogo cha asetili na ndo hiyo aspirini. Kipande kile watu walidhani ni cha kupunguza ukali tu, kumbe kimefanya kitu ambacho gamba la mti haliwezi: kinazima chembe za kugandisha damu kwa maisha yao yote. Ndo sababu wagonjwa wa moyo wanapewa aspirini ndogo kila siku, na ndo sababu hiyo hiyo aspirini inaweza kukutoa damu. Namna inavyozima uvimbe ilikuja kueleweka 1971 na John Vane, akapata Nobel 1982. Ibuprofeni nayo ilizaliwa miaka ya 1960 Uingereza na watu waliokuwa wanatafuta kitu bora kuliko aspirini, kwa hivyo ukoo ni mmoja ingawa sura imebadilika.

Sasa upande wa jikoni. Manjano ina kakumini, na kakumini kwenye chupa ya maabara inazima uvimbe vizuri mno mpaka watafiti wengi wameipenda. Taabu yake ni kuingia mwilini. Unakunywa, tumbo haliichukui, ini linaivunja, kinachofika kwenye damu ni kidogo sana. Ndo pale pilipili manga inapoingia: mwaka 1998 ilionekana kwamba piperini, ule ukali wa pilipili manga, ukiwekwa na kakumini kiasi kinachoingia kwenye damu ya mtu kinapanda kama mara 20. Vizuri, lakini piperini haichagui, inaweza kupandisha na dawa zingine unazotumia, kama ile ya kifafa ya fenitoini. Kwa hivyo mwenye dawa za kila siku asijipe vidonge vya manjano na pilipili manga bila kusema.

Na kuna jaribio moja ambalo watu wa manjano wanapenda kulitaja, na ni la kweli: Thailand, 2014, wagonjwa 367 wa goti, nusu walipewa dondoo ya manjano na nusu ibuprofeni miligramu 1,200 kwa siku, wiki 4. Maumivu yalipungua karibu sawa, na tumbo liliwasumbua zaidi wale wa ibuprofeni. Ila soma vizuri, walipewa dondoo, yani kakumini iliyokusanywa, miligramu 1,500 kwa siku. Unga wa manjano wa jikoni una kakumini kama asilimia 3 hivi, kwa hivyo kufika pale ungehitaji kama gramu 50 za unga kila siku. Pilau gani hiyo?

Wakemia walipoona hivo wakaanza kuikarabati molekuli yenyewe. Pale katikati ya kakumini kuna kiungo dhaifu, ndo kinachovunjika haraka, wakakikata wakabakisha sehemu fupi zaidi, zikatoka molekuli zinazodumu zaidi na nyingi zinaua bakteria na kuzima uvimbe kwenye vipimo vya maabara. Bado ziko maabara. Mtu akikuuzia leo kidonge eti ni manjano ya kisasa iliyoboreshwa na wanasayansi, muulize imesajiliwa na Pharmacy and Poisons Board, ile bodi ya serikali ya dawa, nambari gani, alafu mtazame uso.

Mimi nachagua hivi: goti la uzee linalouma asubuhi na kulegea mchana, manjano na tangawizi kwenye chakula haziharibu kitu na krimu ya kupaka inasaidia. Goti limevimba ghafla, jekundu, la moto, hiyo si ya jikoni na si ya kemisti pia.

Na hapa pwani kuna jambo ambalo mtu wa bara anaweza asilifikirie. Mwaka 2004 chikungunya ilipiga Lamu, ukame ulikuwa mkali, watu wameweka maji majumbani kwenye mapipa, mbu wa mchana wakazaa humo, na walipokuja kupima damu za watu wakakuta kama asilimia 75 ya wakaazi wa kisiwa wameambukizwa. Baada ya hapo ndo ikaonekana Ngazija na Réunion. Waliokuwepo wanakumbuka watu wazima kushikilia ukuta kwenda chooni. Dengi nayo ilithibitishwa Malindi 1982. Haya maradhi mawili yanaanza sawa, homa na maungo, na kwenye dengi aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kukuzidishia kutoka damu. Kwa hivyo mazungumzo kama haya kwenye kaunta ni ya kawaida:

"Mwanangu, nipe diklo nne, maungo yote yameniisha."

"Shikamoo Ami. Homa imeanza lini?"

"Juzi. Nipe tu nikalale."

"Ami, leo sikupi diklo. Chukua panadoli, kunywa maji mengi, na asubuhi ukapimwe damu. Kama si dengi ntakupa mwenyewe."

Ananuna, anakwenda duka la pili, na pengine anapewa. Lakini hilo ndo jibu sahihi, na parasitamoli, yani hiyo panadoli, haina uhusiano na mti wowote. Mtoto chini ya miaka 16 aspirini usimpe kabisa akiwa na homa, kuna maradhi ya ini na ubongo yanaitwa Reye yanayomvamia.

Kuchua: pilipili, mkaratusi, ama ile mirija ya moto

Fupi. Krimu nyingi za moto zina methili salisileti, ambayo ni binamu wa aspirini anayenukia, na mentholi, na zingine zina nonivamaidi ambayo ni ukali wa pilipili uliotengenezwa kiwandani. Kazi ni ile ile ya pilipili kwenye mafuta ya nazi, ila ya nyumbani hujui ukali wake mpaka imeshakuunguza. Nachagua ya mrija, kwa sababu hiyo tu.

Lakini funga kifuniko na weka juu. Methili salisileti tupu, kijiko kimoja cha chai, ni sawa na kama gramu 7 za aspirini, yani zaidi ya vidonge 20 vya mtu mzima. Na inanukia kama peremende! Mtoto wa miaka miwili atajua nini.

Maambukizi: mwarobaini ama sipro

Hii ndo penyewe, na hapa simung'unyi maneno, kwa maambukizi ya ndani ya mwili mti kama ulivyo unashindwa. Si kwa sababu watu wa zamani walikuwa wajinga. Ni kwa sababu ya namna mti wenyewe unavyopigana.

Tuanze na ukoo. Dawa nyingi za bakteria unazoziona hazitokani na mimea. Penisilini ilitoka kwa ukungu, mwanasayansi Fleming aliigundua 1928, na amoksilini ni mjukuu wake. Zingine zimetoka kwa bakteria wa udongoni. Lakini kuna familia moja iliyopita kwenye mti kwa njia ya kuzunguka, nayo ni ya siprofloksasini. Mti wa sinkona wa Amerika Kusini ulitoa kwinini, ikasafishwa Ufaransa 1820. Wajerumani wakaitazama kwinini wakatengeneza klorokwini 1934. Alafu Marekani, watu wakitengeneza klorokwini, wakaona kwenye mabaki ya kazi kuna kitu kinachoua bakteria, wakakifuata, ikatoka asidi ya nalidiksiki 1962, dawa ya maambukizi ya mkojo. Wengine wakaiongezea chembe ya florini na kipande kingine, nguvu ikapanda sana, na miaka ya 1980 sipro ikafika sokoni. Kwinini haitibu maambukizi ya mkojo. Klorokwini pia haitibu. Kwa hivyo hapa mti umetoa umbo tu, kazi yenyewe imezaliwa maabara. Ukitafuna gamba la sinkona kwa sababu sipro ni ya ukoo wake utapata masikio kulia na hakuna zaidi.

Mwarobaini sasa. Majani yake yanazuia bakteria kwenye sahani ya maabara, kweli. Lakini kuzuia kwenye sahani kunataka kiasi kikubwa, mara nyingi ni mara mia kuliko kile cha antibiotiki, na kiasi hicho ukitaka kukifikisha kwenye damu utaumia wewe kabla ya bakteria. Kuogea maji ya mwarobaini upele wa joto, sina neno, wacha watu waoge. Kumpa mtoto mchanga mafuta ya mwarobaini anywe, hapana, kuna watoto walioripotiwa kuharibika ini na ubongo kwa hayo.

Kwa nini kemikali za miti ni dhaifu hivo kwa bakteria? Kuna jibu moja zuri nalipenda. Mimea mingi ya jamii ya zereshki, ile ya mbao ya manjano, ina beberini. Beberini inaingia kwenye bakteria lakini bakteria wana pampu kwenye ngozi yao, kila ikiingia wanaitema nje, kama mabaharia wanaotoa maji ya ngama jahazi likivuja, na wakiwa na kasi ya kutosha chombo hakizami. Mwaka 2000 Frank Stermitz na Kim Lewis wakaonyesha kwamba mimea ile ile inatengeneza na kitu cha pili ambacho peke yake hakiui chochote, kazi yake ni kuiziba pampu. Beberini na mwenzake wakiwa pamoja, bakteria wanaitwa stafilokokasi, wale wa majipu, wanakufa kwa kiasi kidogo. Mtu akichuja beberini peke yake aipime anasema mti huu hauna kitu, kumbe amewatenganisha wawili wanaofanya kazi pamoja.

Ndo maana wakemia wa siku hizi wanajaribu kuwaunganisha, beberini na kizibo cha pampu ndani ya molekuli moja, ili vifike pamoja na kwa kipimo kimoja. Hilo kwangu ndo jambo la maana zaidi kwenye habari hii nzima, kwa sababu antibiotiki tulizonazo zinachoka. Hesabu iliyochapishwa 2022 ilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa bakteria waliokuwa sugu. Lakini tena, hiyo haijafika dukani, na wewe uliye na kidonda leo huwezi kungoja.

Kwa hivyo chaguo: mkojo unachoma, homa ya matumbo, kidonda kina usaha na wekundu unapanda mguu, hizo zinataka antibiotiki iliyochaguliwa na mtu aliyekupima. Si lazima sipro. Watu wanaipenda sipro kama peremende na ina mambo yake: inaweza kukata kano, hasa ya kisigino, hasa kwa wazee na wanaotumia steroidi (dawa za kuzima uvimbe za jamii ya betamethasoni), na Marekani waliiweka onyo kali kabisa 2008, wakaongeza 2016 kwamba kwa maambukizi madogo ya mkojo isitumike kama kuna nyingine. Usiinywe na maziwa wala dawa ya kiungulia wala vidonge vya madini ya chuma, zinaifunga tumboni na sehemu yake inatoka bila kuingia kwenye damu. Nimemuona mtu anaimeza kwa chai ya maziwa palepale kaunta, kidonge kizuri kabisa, pesa kalipa, na sehemu ya dawa ishakwenda na chai.

Kidonda kidogo cha juujuu, umekatwa na chaza ama umejikata na kisu cha samaki? Maji safi mengi na sabuni, kabla ya jani na kabla ya krimu. Hapo rafu zote mbili zinasubiri.

Ngozi: ubani na shubiri, ama krimu ya mkonge

Nimesema ya mkonge na sijakosea. Ukipanda gari kutoka Malindi kwenda Mombasa unapita mashamba ya mkonge pale Vipingo, na wengi tunajua ni ya kamba. Lakini kwenye maji ya jani la mkonge kuna kitu kinaitwa hekojenini, na miaka ya 1950 kampuni ya Glaxo ya Uingereza ilikitumia kutoka mkonge wa Afrika Mashariki kutengenezea kotisoni na jamii yake, betamethasoni ikiwemo. Wamarekani walikuwa na njia yao, Russell Marker alitumia kiazi cha mwituni cha Mexico. Kabla ya hapo kotisoni ilikuwa inatolewa kwenye nyongo ya ng'ombe kwa hatua zaidi ya 30, bei hakuna anayeiweza. Mkonge wenyewe hauzimi uvimbe wowote, jipake maji yake uone, utawashwa mpaka kesho. Mifupa ya molekuli ndo ilikuwa inatakiwa.

Na zikatoka dawa zenye nguvu kuliko kitu chochote cha kuzima uvimbe ambacho mti umewahi kutoa. Deksamethasoni ya bei rahisi kabisa ndo iliyoonyeshwa Juni 2020 kupunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine ya kupumua kwa kama theluthi moja.

Upande wa pili kuna ubani, wenye asidi za boswelia, zinazuia njia moja ya uvimbe ambayo aspirini haiigusi, na dondoo zake zimejaribiwa kwa magoti na zinasaidia kiasi. Lakini dondoo ya kumeza na ubani wa chetezo ni mambo mawili, moshi unanukiza nyumba. Shubiri inatuliza ngozi iliyochomwa na jua, basi.

Kwa ngozi yenye pumu ya ngozi, ile inayowasha na kukauka kwenye mikunjo, krimu ya steroidi inashinda bila ubishi, siku chache, tabaka jembamba, alafu unaacha. Tatizo letu ni kwamba inatumika kwa kila kitu. Mtu ana choa, mviringo kabisa, anapaka betamethasoni, mwasho unakatika siku ya pili anasifu dawa, na ule ukungu chini yake unasherehekea kwa sababu kinga imelazwa. Baada ya wiki mbili choa kimekuwa sahani. Alafu kuna wanaojipaka usoni wapate kung'ara, sitataja krimu gani, mnazijua wenyewe, ngozi inakuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Kwa choa shubiri ni bora kuliko betamethasoni, si kwa kuwa inatibu, ni kwa kuwa haiharibu. Dawa yake ni krimu ya ukungu, klotrimazoli, nayo si ya mti hata kidogo.

Habasoda

Hapa naandika kwa adabu. Hadithi ya habasoda kuwa shifaa ya kila maradhi ila mauti sote tumelelewa nayo na sina la kusema juu yake. Ninachosema ni cha chupa. Kinachofanya kazi zaidi kwenye habasoda kinaitwa thaimokwinoni, na maabara kinazima uvimbe na kinasumbua bakteria. Lakini hakipendi mwanga, hakiyeyuki kwenye maji, na kiasi chake kinatofautiana chupa hadi chupa kulingana na mbegu zilitoka wapi na zilikamuliwaje. Watafiti wanakibandika mikia ya mafuta na vipande vya dawa zingine kipate kudumu, ila hapa kwetu bado hakuna dawa ya hivo ya kuandikiwa na daktari.

Kwa hivyo ukinunua, nunua ya chupa nyeusi iliyozibwa, si ile ya plastiki nyeupe iliyokaa juani Mkunguni tangu maulidi. Kijiko na asali, sawa. Kama unatumia dawa ya sukari ama ya presha, pima zaidi kidogo manake habasoda nayo inaweza kushusha sukari ama presha juu ya dawa hizo. Na kama unatumia wafarini ya kuyeyusha damu, habasoda, tangawizi nyingi, manjano ya vidonge na aspirini, zote mwambie daktari kabla, si baada ya kuanza kutoka damu puani.

Ile chupa isiyo na lebo

Nimeiacha mwisho kwa sababu haiko kwenye rafu yoyote kati ya zile mbili. Inaletwa na mtu wa kutembea, dawa ya miti kumi na kitu, ya maungo, ya pumu, ya mgongo, na sifa yake ni kwamba unakunywa adhuhuri na magharibi umeshasimama. Mti haufanyi kazi hivo. Sehemu nyingi duniani, dawa za namna hii za viungo zikipelekwa maabara zinakutwa zimetiwa deksamethasoni ama diklofenaki, zimesagwa humo ndani bila mtu kuambiwa. Yani unayekimbia kemikali unazinywa bila kipimo.

Dalili zake si ngumu. Maumivu yanaisha haraka mno, hamu ya chakula inapanda, uso unajaa unakuwa wa mviringo, sukari na presha zinapanda kwa mtu ambaye hakuwa nazo, na ukikosa chupa siku mbili tatu maumivu yanarudi mara dufu na mwili unakuwa kama umevuliwa nguvu. Kama ni mama yako ama ami yako na ameitumia muda, usimnyang'anye chupa ukaimwaga. Steroidi ikikatwa ghafla baada ya muda mrefu mwili unakuwa umesahau kutengeneza yake na mtu anaweza kuanguka. Mpeleke hospitali na chupa mkononi, ata kama imebaki tone, mwambie daktari amekunywa kiasi gani na tangu lini, wao watajua kumshusha polepole.